Zeze Haliwekwi Chini

Mandar alisubiri mpaka shangazi Vatsala alipoingia jikoni, ndipo akasema bila kuinua macho kutoka kwenye ngoma aliyokuwa anaitengeneza pale uani, "Ukumbi wa harusi uko mtaa wa pili, Ketaki. Kuhani yupo, mashahidi wapo. Saa moja tu, tumemaliza."

"Mashahidi gani?"

"Vilas na mkewe. Wamekaa pale tangu saa nne. Wamekunywa chai mpaka mwenye kibanda anawaita kwa majina."

"Kwa hiyo umepanga harusi yangu bila kuniambia."

"Yetu," akasema. "Na ningekuambia vipi? Simu yako inalala kwenye blauzi ya shangazi."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini nilikasirika hivyohivyo, kwa sababu moyo wangu ulikuwa umeshavuka barabara na kuingia kwenye ukumbi huo wakati mdomo wangu ukiwa bado unabishana.

Alandi ni mji wa mtakatifu, na pia ni mji wa wanaotoroka. Wazee huja kuinama kwenye kaburi lake, vijana huja kuoana haraka kabla ndugu hawajateremka kwenye basi. Kumbi za harusi zimejaa mpaka kando ya mto, na hakuna anayekuuliza wazazi wako wako wapi. Wangeniuliza mimi, ningewaonyesha kwa kidole. Baba yangu alikuwa hatua ishirini kutoka pale nilipokaa, ndani ya ukumbi wetu wa mahujaji, amesimama na zeze mikononi, anaimba.

Alikuwa amelipokea saa kumi na mbili asubuhi. Ukumbi wetu ulikuwa katika siku ya sita ya nadhiri, na nadhiri yenyewe ni hii: kwa siku saba zeze linapigwa bila kunyamaza, usiku na mchana, na mwenye kulipiga anasimama. Halitui chini. Haliegemezwi. Linatoka shingoni mwa mtu na kuingia shingoni mwa mwingine, na huyo mwingine lazima awe amevaa shanga za mrihani, awe amefunga, na awe amekwenda kuhiji Pandharpur kwa miguu. Mzee Sopan alikuwa ampokee Baba saa sita. Sasa ilikuwa saa nane inakwenda na robo, na Sopan hakuonekana. Wanaume wengine wote walikuwa kwenye foleni ya kaburi tangu alfajiri, na foleni ya siku ya kumi na moja ya mwezi hakuna anayeiacha katikati. Ukumbini tulibaki wanawake na wazee wawili ambao kusimama kwenyewe wanashikiliwa.

"Hao wanaokuja kukuposa wanafika saa ngapi?" Mandar akauliza.

"Saa kumi."

"Na baba yako atawapa neno leo?"

"Shangazi amenunua nazi na kilemba cha kumvisha baba wa bwana harusi. Wewe unaonaje?"

Akabandika donge la unga wa ngano kwenye uso wa kushoto wa ngoma, akalisawazisha kwa kidole gumba, taratibu, kama vile tulikuwa na siku nzima. Aliitwa aje kuitengeneza ngoma kubwa iliyopasuka jana. Watu wa kwao ndio wanaovisha ngozi ngoma zote zinazopigwa kwenye safari yetu, babu mpaka mjukuu. Baba ameimba kwa ngoma zao maisha yake yote. Maji ya kwao hajawahi kunywa, kwa kuwa washika ngozi huhesabiwa tabaka la chini.

Nilimtazama shingo, pale shanga zilipogusana na kola. Miaka miwili iliyopita, njiani kwenda Pandharpur, mvua ilitukuta kwenye mteremko na mimi sina kitu. Akaja akanitandazia karatasi lake la nailoni kichwani, yeye akatembea nje kwenye mvua kilomita sita, ngoma ameifunika kwa shati lake. Nikamwambia, "Mauli, utaugua." Kwetu kila mtu ni Mauli, ndilo jina la upendo la mtakatifu, hata anayekukanyaga foleni anakuita hivyo. Akacheka akasema, "Ngoma ikiugua ndiyo hasara." Tangu siku hiyo sijui kulala vizuri.

"Twende, Ketaki," akasema. Safari hii alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani na yeye hakulala. "Mwaka mzima nimekuwa mpole. Mjomba wangu alikuja kuniposea na heshima zote kule Saswad, na unakumbuka alichoambiwa."

Nakumbuka. Nani amesahau. Baba alisimama mbele ya watu themanini wa kikundi chetu, akasema: "Siku mtakapoona kichwa changu miguuni pa watu wa ngozi, siku hiyo njooni mmchukue binti yangu." Watu wakatazama chini. Mjomba wa Mandar akakunja skafu yake, akaondoka kimya. Na Baba si mtu wa kurudisha neno. Akimwahidi mnunuzi bei ya vitunguu leo, kesho hata ikipanda mara mbili Baba anauza kwa ileile na kurudi nyumbani akinung'unika.

"Siwezi kufunga ndoa mtaa wa pili huku namsikia Baba akiimba," nikasema.

"Basi utafunga na mhandisi wako huku unanisikia mimi nikipiga ngoma."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nikupongeze? Nyumba ya ghorofa mbili Satara, maji ya bomba ndani, mama mkwe anaumwa presha kwa hiyo hatakusumbua sana."

"Mandar."

"Nasubiri hapa mpaka saa tisa. Ikifika saa tisa naondoka. Sitakaa kutazama nazi ya watu ikipokelewa."

Nilitaka kumjibu vibaya, na jibu nilikuwa nalo. Ila wakati huohuo sauti ya Baba kule ukumbini ilikatika. Mara moja tu, nusu ya pumzi, kisha ikaendelea. Sisi sote wawili tuligeuka. Mtu wa nje asingeisikia. Sisi tumelelewa na sauti hiyo.

Nilikimbia ndani. Baba alikuwa amesimama mbele ya picha ya mtakatifu, kilemba kimelowa jasho pembeni, mguu wa kulia unatetemeka chini ya dhoti, shuka lake la kiunoni. Ana miaka sitini na mbili, na goti hilo daktari alishasema lisimame nusu saa tu kwa wakati mmoja. Sasa lilikuwa limesimama saa nane nzima.

"Baba, nipe mimi."

Alimaliza mstari kwanza. Baba haongei katikati ya mstari hata nyumba iungue. Halafu, vidole vikiendelea kwenye nyuzi, akasema, "Katika ukumbi huu wanawake hawajawahi kulishika."

"Shanga ninazo. Nimefunga. Pandharpur nimekwenda mara saba."

"Nimesema hawajawahi."

"Basi leo wataanza."

"Ketaki." Akaimba mstari mwingine. Lilikuwa jina langu tu, lakini wanaomjua Baba wanajua kwamba mazungumzo yaliishia hapo. Hasira zilinipanda. Mikono yangu inafaa kumpikia, kumkanda goti, kumfulia kilemba, haifai kumpokea mzigo dakika tano.

Shangazi Vatsala alitoka jikoni na simu sikioni, mikono imejaa sago. Ni dada yake Baba, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na ulimi wake haujui likizo. "Sopan yuko ng'ambo ya mto," akasema. "Daraja limefungwa, watu wamejaa mpaka pomoni. Anasema saa mbili zaidi, labda tatu."

"Nitasimama," akasema Baba.

"Utasimama kwa goti la nani? Liegemeze ukutani, kaka, upumzike kidogo. Mungu haangalii ukuta."

"Likiegemea limelala. Siku sita zote zimepotea." Mguu ukamyumba. Shangazi akamshika kiuno, na zeze likagonga kidogo kifuani mwake. Wanawake wakaanza kutoka jikoni mmoja mmoja, mwingine na kisu cha viazi mkononi. Wote walimtazama mtu mmoja anayeanguka polepole, na hakuna aliyekuwa na la kufanya.

Nilisikia maji ya bomba uani. Yalimwagika kwa muda mrefu. Kisha Mandar akaja mlangoni, amenawa mpaka viwikoni, shati limelowa kifuani, hana viatu.

Nilielewa kabla hajasema. Nilimwendea haraka, nikasimama karibu naye kuliko inavyoruhusiwa mbele ya watu. "Ukilishika huwezi kuondoka," nikamnong'oneza. "Saa tisa itakukuta hapa. Saa kumi itakukuta hapa. Watakuja, watakaa, watapewa neno, na wewe utakuwa umesimama unawaimbia."

"Najua."

"Vilas je? Ukumbi je?"

"Ketaki, baba yako anaanguka," akasema, na akanipita.

Nilimpenda wakati ule kiasi kwamba nilimchukia. Dakika kumi zilizopita alikuwa ananilazimisha nichague, sasa yeye mwenyewe alikuwa ameshachagua, na hakuchagua ukumbi wa mtaa wa pili.

Alisimama mbele ya Baba, akaunganisha viganja. "Bua," akasema. Ndivyo wote wanavyomwita Baba, kwa kuwa anaongoza nyimbo. "Nipe mimi. Shanga nimevaa tangu nina miaka minane. Nimefunga tangu jana. Nyimbo zote nazijua, nimezipigia ngoma."

Baba akaimba mstari. Ukawa mrefu kuliko mistari yote niliyowahi kusikia. Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye kidevu. "Hujui unachoomba," akasema mwishoni.

"Najua."

"Anayepokea anainama mpaka miguuni. Halafu anayetoa naye anainama."

"Najua, Bua."

Ndani ya ukumbi kisu kikawekwa kwenye sinia, polepole. Wanawake wale wote walikuwapo Saswad. Niliona shangazi akifumba macho. Sidhani kama siku ile, Baba alipoapa kwa kujiamini vile, alifikiria zeze hata kidogo. Watu wa kina Mandar ni wa ngoma. Katika miaka yote hakuna mtu wa kikundi chetu aliyewahi kuwanyooshea zeze, kwa hiyo hakuna aliyewahi kulazimika kuwainamia. Baba aliapa kwa kitu alichoona hakiwezi kutokea.

Mandar akasogea, akashusha sauti. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Nipe tu, Bua, ukae. Usiiname. Nitageukia picha, nitafumba macho. Sitadai chochote, na hakuna atakayeniuliza."

Vidole vya Baba vilipunguza mwendo kwenye nyuzi. "Unanihurumia?"

"Nakuheshimu."

"Unanifundisha kumwibia mtakatifu." Sauti ya Baba ilikuwa inatetemeka, sijui ni kwa goti au kwa hasira. "Tulishike siku sita vizuri, nilitoe vibaya ili shingo yangu ibaki juu? Huo ndio ushauri ulioleta?"

"Hapana, Bua."

"Basi piga magoti, kijana. Ulete kichwa."

Mandar akapiga magoti. Akaweka paji la uso kwenye miguu ya Baba, akakaa pale kidogo, kisha akainuka. Baba akavua mkanda wa zeze shingoni, akauvisha shingoni mwa Mandar, vidole vyake vikiendelea kugusa nyuzi mpaka vidole vya Mandar vilipofika. Sauti haikukatika. Mkono uliolowa maji na mkono uliokunjamana vilikutana kwenye nyuzi zilezile, vikaachana.

Sasa ilibaki zamu ya Baba.

Baba alimtazama Mandar usoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama, kwa maana ya kumtazama. Mandar alikuwa ameanza kuimba, macho ameyafumba kweli kama alivyoahidi, uso ameugeuzia picha. Kama Baba angegeuka na kuketi, hakuna ambaye angesema neno. Tungesema ni goti. Hata mimi ningesema ni goti, na saa kumi ningebeba sinia la chai na kuwapelekea watu wa Satara.

Akashika paja, akajishusha. Goti moja, kisha la pili, na la pili lilimtoa mguno ambao sitausahau. Akavua kilemba chake, hakuna aliyemtaka avue. Akainama mpaka nywele zake nyeupe zikagusa miguu ya Mandar iliyokuwa bado na maji. Hakugusa tu na kuondoa. Alikaa pale.

Kisha hakuweza kuinuka. Mandar alifungua macho, akaona, mikono yake imeshika zeze na hawezi kumnyanyua. Midomo ilikuwa inaimba huku machozi yanateremka. Mimi na shangazi ndio tuliomwinua Baba, tukamketisha kwenye mkeka ukutani. Nilikuwa nalia pia, tena kwa sauti, sioni haya kusema.

"Kaka," shangazi akaanza, "mwaka jana, kule Saswad—"

"Nimezeeka magoti, Vatsala, kichwa bado. Niletee maji."

Akanywa. Akafunga kilemba chake upya, mkunjo kwa mkunjo. Nilikaa pembeni nikimkanda goti, nikimsubiri aseme. Hakusema. Ikapita saa tisa. Mandar anaimba. Simu yake ilikuwa inatetemeka uani juu ya ngoma, bila shaka ni Vilas, hakuna aliyeipokea. Ikafika saa tisa na nusu. Shangazi akaja akaninyanyua kwa mkono.

"Kavae sari ya kijani."

"Shangazi, lakini si umeona—"

"Nimeona. Macho ninayo. Ila baba yako hajasema kitu, na wageni wako kwenye kona. Kavae."

Walikuja kabla ya saa kumi, watu wa heshima zao: mzee Shitole, baba wa mhandisi, mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri, mkewe, na dada yake aliyebeba mfuko wa matunda. Mhandisi mwenyewe alikuwa zamu kwenye mfereji, walikuwa wameleta picha yake. Waliinama mbele ya zeze kwanza, kama kila anayeingia anavyofanya. Mzee Shitole akagusa miguu ya Mandar bila kumtazama, akaja kuketi na Baba.

Nikaletewa sinia. Vikombe sita vya chai na ndizi. Nilitembea kutoka jikoni hadi mkekani, vikombe vinagongana, na njia ile inapita mbele ya Mandar. Sikuinua macho. Niliona miguu yake tu, kidole gumba chenye alama ya kamba za ngoma, na sakafuni karibu nacho doa la jasho la Baba lililokwisha kukauka. Nilifikiri, nikivuka hapa nimekwisha.

"Ndiye huyu?" mke wa Shitole akasema. "Uso mzuri. Mbona macho yamevimba, mwanangu?"

"Vitunguu," akasema shangazi.

"Leo si mfungo? Vitunguu vya nini?"

"Vya kesho," akasema shangazi, bila kupepesa.

Mzee Shitole alikunywa chai yake nusu, akafuta masharubu. Akazungumzia barabara, akazungumzia miwa, akamsifu mtakatifu kwa kuwafikisha salama. Halafu akaweka kiganja gotini. "Haya, Bua. Sisi tumependa. Kijana tulishakuelezea, picha hii hapa. Tuseme neno?"

Nyuma yangu sauti ya Mandar iliporomoka. Hakunyamaza, asingethubutu, lakini wimbo ulishuka chini mpaka ukawa mnong'ono wa mtu mgonjwa, na nyuzi zikaanza kutangulia maneno. Sinia lilikuwa bado mikononi mwangu. Nilimtazama Baba, na nilimwomba kwa macho yote niliyonayo.

Baba hakunitazama. Aligeuka kuelekea kwenye zeze, amekunja uso kwa karaha, vilevile anavyowakunjia wote wanaoharibu wimbo.

"Pandisha sauti, mkwe," akasema. "Mstari huo unaanzia juu. Hapa si msibani."

Mzee Shitole alitazama zeze, akatazama aliyelishika, akanitazama mimi, akaweka kikombe chini. Ni mtu mzima, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. "Matunda mtayapokea lakini," akasema, na Baba akayapokea kwa mikono miwili na kumwomba radhi kwa usumbufu wa safari.

Mandar alipandisha sauti. Alipandisha mno, akatoka kabisa kwenye wimbo, na Baba akatikisa kichwa kwa masikitiko. Sopan alikuwa bado ng'ambo ya mto. Kwa hiyo mchumba wangu, masikini, siku aliyopewa mimi hakuweza kunishika hata mkono; nilikwenda nikainama miguuni pake kama hujaji mwingine yeyote, nikaketi pale chini, na nikamsubiri mpaka Sopan alipofika saa moja ya jioni.